Kidole Kimoja kwa Kila Kitabu

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, mfagizi wa maktaba alikung'uta mikeka ya chumba cha watoto, akapanga viti vidogo, akaweka mezani kwa mkutubi karatasi ya nyota za mpango wa kusoma wakati wa likizo. Mtoto akirudisha kitabu, alipata nyota. Akikisoma hadi mwisho, alirefuka kimo kwa upana wa kidole kimoja. Maktaba ilihesabu nyota.

Wazazi wachache walilalamika kuhusu suruali. Mkutubi aliwashauri waache pindo kubwa.

Mfagizi naye alijiandikisha. Tangazo lilisema mpango ni wa yeyote ambaye hajamaliza darasa la saba, na yeye, kwa miaka yake kumi na tisa, alikuwa hajamaliza bado. Aliishia la tano. Alitaka cheti. Hakuwa na karatasi yenye jina lake, ukiacha kadi ya kliniki. Alijaza fomu kwa mwandiko mdogo, ili isionekane sana.

Alisoma wakati wa chai, midomo ikicheza. Kitabu cha kwanza kilihusu kuku na kilimchukua siku nne. Kufikia mwisho wa likizo alikuwa amemaliza ishirini na sita. Kwa mtu aliyezoea kujificha nyuma ya kabati wageni wakija, ilikuwa hasara tupu: kichwa kilibaki nje.

"Dada, huko juu kuna nini?" watoto walimuuliza.

"Vumbi," alisema. "Langu mwenyewe, la miaka miwili."

Siku ya kufunga, mshindi alikuwa mtoto mwenye nyota sitini. Dereva wa kwao alichukua vitabu asubuhi kwa kikapu na kuvirudisha jioni. Mtoto alisimamishwa juu ya kiti ili aonekane.

"Na mimi, mama?" mfagizi alimnong'oneza mkutubi. Ilibidi apige magoti.

Mkutubi aliipekua fomu. "Mwanangu, hapa panatakiwa muhuri wa shule. Yako ipi?"

"Niliacha."

"Basi ndiyo hivyo. Ila umesoma, naona." Akamtazama kuanzia chini hadi juu. "Hebu simama kule nyuma, uzibe ule ufa wa ukuta. Tunapiga picha."

Picha ilibandikwa mlangoni: watoto, vyeti, mkutubi akitabasamu, na nyuma yao aproni ya buluu ya mfagizi, picha ikimkata shingoni.

Mfagizi aliitazama akiwa na ndoo mkononi. Akasema ametoka vizuri. Siku zote uso ndio humharibia picha.