Paa Lililofunguka Ubavuni

Simu ya kwanza ilipigwa Jumatatu asubuhi, na Bi Sindano aliipokea akiwa na pini tatu mdomoni. Mwanamume alitaka kushonewa turubai la gari la kulalia, yale magari ya zamani yenye jiko na kitanda ndani, ambayo paa lake hunyanyuliwa mkifika mnakokwenda, turubai likawa ukuta. Paa lenyewe, alisema, linafunguka ubavuni, kama kifuniko cha sanduku. Simu ya pili ilikuja mchana. Huyu alikuwa mwanamke, naye alikuwa na gari la kulalia, ila paa lake hunyanyuka mbele na kubaki chini nyuma. Bi Sindano aliandika kazi mbili, akaagiza kitambaa cha kutosha magari mawili, kisha akamwambia mumewe kuwa mwaka huu watu wameingiwa na wazimu wa kusafiri.

Alhamisi likaja gari moja.

Walishuka wawili. Kaka mtu alikuwa mpima ardhi, mrefu, mvi zimeanza kumshika masikioni, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono. Dada mtu alikuwa nesi, mdogo wake kwa miaka tisa, na ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Gari lilikuwa la baba yao, aliyefariki mwaka uliopita. Mama yao, ambaye bado alikuwa na nguvu zake na ulimi wake, alikuwa amesema anataka kulipanda tena kabla hajaichoka dunia.

"Haya," alisema Bi Sindano akiwatazama mmoja mmoja. "Nani kati yenu ni muongo?"

Wateja wageni walidhani jina lake limetokana na cherehani. Wale wa siku nyingi walijua limetokana na mdomo.

"Linafunguka mbele," alisema nesi. "Nimelala humo utoto wangu wote."

"Ubavuni," alisema mpima ardhi, bila kupandisha sauti.

Ilibidi gari lenyewe liulizwe, nalo lilikuwa limefunga mdomo. Paa halijanyanyuliwa kwa miaka kumi na moja, na kutu ilikuwa imeshika komeo kama gundi. Bi Sindano alilimwagia mafuta, akasubiri, akalifunika komeo kwa tambara na kuligonga kwa nyundo, polepole, kama anayebisha hodi kwa wakwe. Huku akigonga aliwaeleza, maana hakupenda kufanya kazi kimya. Paa la ubavuni huwapa watu wengi nafasi ya kusimama, lakini upande mmoja tu, na upepo ukilishika mtaambiana. La kunyanyuka mbele lina kitanda kipana juu, ila pa kusimama ni pale pale karibu na viti. Liko na la tatu, linalopanda sawasawa pembe zote nne. Hilo unatembea ndani umenyooka kama uko sebuleni, lakini mikono yake ya chuma ni mingi, na kila mkono una ugonjwa wake.

Komeo likaachia. Paa likalia, likanyanyuka mbele.

"Umeona?" Nesi alipiga makofi. "Umeona, kaka?"

 Kaka mtu alikuwa akiangalia mahali pengine, ukingo wa kushoto, na Bi Sindano, aliyeishi kwa kusoma macho ya wateja, akapeleka kidole hapo hapo. Chini ya rangi kulikuwa na vivimbe vidogo, vimepangwa kwa mstari. Akavihesabu. Vilikuwa vinane.

"Hapa palikuwa na bawaba," alisema. "Matundu yamezibwa na kupakwa rangi. Gari hili limewahi kuvaa paa jingine."

Nesi akamgeukia kaka yake. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa tumebishana wiki nzima kwa nini?"

Mpima ardhi aliufungua mlango wa ubavuni, akaketi pale kizingitini, miguu nje. Alieleza kama mtu anayesoma ripoti ya kazi. Paa la kwanza lilikuwa na machela mbili za turubai za kulalia, moja kila upande. Ya kushoto ilikuwa yake. Ya kulia waliiweka kwa ajili ya mdogo wake atakapokua. Alipofika miaka kumi na mitatu alipelekwa shule ya bweni. Muhula ulipoisha alirudi nyumbani, akakuta gari limeegeshwa uani, akachungulia dirishani. Machela hazikuwepo. Kulikuwa na kitanda kimoja cha mbao.

"Nikaelewa," alisema. "Nimeshaondolewa kwenye hesabu."

"Ulimuuliza baba?"

"Nimuulize nini? Kitanda kinaonekana."

Likizo ile walipotaka kusafiri alisema ana masomo. Na iliyofuata. Hakupanda tena gari lile hata siku moja.

"Mimi niliambiwa linakutia kichefuchefu," alisema nesi.

Kisha, bila kumwomba ruhusa, alitoa simu akampigia mama yao, akaweka sauti ya nje. Mama mtu aliongea kwa kelele, kama wafanyavyo wote wasioamini kuwa simu inafika mbali.

"Paa la kwanza? Hee! Nani kawaambia?"

"Matundu, mama. Lilikwenda wapi?"

Kikasikika kicheko kilichojaribu kuzuiliwa kikashindwa. "Baba yenu aliniapisha nisiseme. Sasa kashatangulia, nitamjibu mwenyewe tukikutana. Ilikuwa siku ya wazazi kule shuleni kwa kaka yako. Tulitangulia usiku ili tufike mapema, tukalala kwenye kambi moja karibu na barabara kuu. Asubuhi tukapitiwa na usingizi. Baba yenu kakurupuka, kaingia kwenye usukani, kaondoa gari mbio. Paa liko wazi! Lango la kambi lilikuwa na boriti juu. Likalinyofoa lote, na machela zake, na blanketi langu zuri."

"Mlikuja kwa teksi," alisema mpima ardhi. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Baba alisema gari liko gereji."

"Si lilikuwa gereji kweli! Paa ndilo lilikuwa barabarani."

Nesi alishika mdomo.

"Tukazunguka kwa wauza vyuma chakavu wiki mbili," mama mtu aliendelea. "Paa lililoingia lilikuwa hilo moja tu, la kitanda kimoja. Baba yako akakipima, akasema watoto wawili wanaenea, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Wewe ukakataa kupanda. Tukasema basi, keshakua, anaona haya kulala na kitoto."

Bi Sindano aliinama kutafuta chaki ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

"Mama," alisema mpima ardhi, "kilikuwa na upana gani?"

"Nitajuaje mimi? Si gari liko mbele yako? Kapime!"

Simu ikakatwa, maana mama mtu hakuwa na desturi ya kuaga. Mpima ardhi aliomba futi kamba ya Bi Sindano, akasimama juu ya kiti cha nyuma, akapima. Sentimita mia na ishirini na mbili. Akapima tena kwa upande wa miguuni, jibu likawa lile lile. Akabaki amesimama hapo, futi kamba mkononi, kichwa kimeingia ndani ya paa, na walioko chini waliona shati na mkanda tu. Nesi alitaka kumgusa mguu. Akaacha.

Aliposhuka, Bi Sindano alimwambia ukweli wa kazi. La ubavuni angeweza kumtafutia kwa watu wake, lakini ingebidi matundu yafunguliwe upya, na bati la zamani halipendi kutobolewa mara mbili.

"Shona hili," alisema mpima ardhi.

Waligombana kidogo juu ya rangi. Nesi alitaka bluu, kaka yake alitaka kijivu kwa kuwa kijivu hakionyeshi vumbi. Bi Sindano aliwaambia kitambaa alichonacho ni kijani, tena kipo cha kutosha magari mawili. Ugomvi ukaisha.

Walirudi baada ya wiki tatu, safari hii na mama yao, kikongwe kidogo mwenye miwani mikubwa, aliyekagua kila mshono na kusema zipu ingekuwa laini zaidi. Bi Sindano alimpenda papo hapo. Mpima ardhi ndiye aliyekaa kwenye usukani. Hakuwahi kuliendesha gari lile, na gia zake zilikuwa na tabia zao.

"Vuta kwako kwanza," nesi alimwelekeza kutoka nyuma. "Kwako, kaka! Halafu mbele."

Gari lilizimika mara mbili kabla ya kutoka karakana. Mara ya tatu likakubali. Bi Sindano aliwatazama mpaka wakashika barabara, kisha akarudi kwenye turubai la lori lililokuwa likimsubiri mezani, limechanika katikati, karibu mita nne.