Jina kwenye Pembe ya Blanketi

Jumatatu saa nne asubuhi, Mtaa wa Kongo, muuza mitumba alikata kamba za belo la mashuka kutoka Marekani. Katikati yake akachomoa blanketi la viraka lililopauka. Wateja walilipita. Nasma, aliyekuwa amechagua mashuka mawili, akapewa hilo kama nyongeza. Alilinusa, akaligeuza, akalipekua pindo kwa pindo. Kariakoo kitu cha bure lazima kiwe na kasoro mahali.

Kasoro hakuiona. Kwenye pembe palidariziwa jina kwa uzi mwekundu: Harriet Whitlow, 1852. Akaenda kulitandika kwenye baraza la duka la Abdulhamid, muuza kofia, ambapo alikuwa akikaa kudarizi kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Kofia moja ya mkono humchukua miezi miwili, kitobo kwa kitobo. Ikikamilika, huishonea lebo kwa ndani: Abdulhamid na Wanawe. Wana wenyewe hata kutunga uzi kwenye sindano hawawezi.

Baada ya sala ya alasiri, mwanamke mweusi aliinuka kutoka ndani ya blanketi, akakaa upande wa pili. Alikuwa peku, amevaa gauni la merikani, kitambaa kile kile ambacho bibi yake Nasma alizikwa nacho. Hakusalimia. Nasma akaisogeza simu yake chini ya paja. Mtu anayekukalia karibu bila salamu ana lake jambo.

Mwanamke alichomoa sindano kwenye kilemba, akaanza kulifumua jina la Harriet. Lilipokwisha, akadarizi jingine mahali pake: Kezia.

"Dada, hilo blanketi ni langu," Nasma akamwambia.

"Nimelishona mimi. Miaka miwili, kila nikitoka shambani."

Hakusema Kiswahili, lakini Nasma alimwelewa. Kariakoo watu wanaelewana na Wachina kila siku.

"Na huyu Harriet ni nani?"

"Alikuwa ananimiliki. Hata hilo jina lake nilishonishwa mimi."

Nasma alikuwa na lebo mkononi. Jibu lile lilimuuma, akainamia kazi yake.

Asubuhi jina la Harriet lilikuwa limerudi pale pale, na uzi wake mwekundu. Alasiri Kezia akaja tena. Ikawa hivyo kila siku, na siku ya nne lebo za kofia zote dukani zikafumuka.

"Bi Nasma, nani anafumua lebo zangu?" Abdulhamid aliuliza.

"Si mimi, bosi."

"Basi ni huyo mgeni wako. Siku zote hizi yuko barazani kwangu, hata kofia moja hajaulizia." Akahesabu mikasi. Ilikuwa imetimia, naye akazidi kushuku. "Asipoondoka yeye, utaondoka wewe. Kofia za mashine zimejaa tele."

Nasma alikuwa na wajukuu wawili nyumbani, wakila kwa sindano ile ile. Akaendelea kudarizi.

Kesho yake alasiri akaja Benedikta, wa nyumba ya sanaa moja kule Posta. Alikuwa akiandaa maonyesho ya historia ya Marekani kwa vitu vya majumbani, na mtu alikuwa amemtumia picha ya blanketi kwenye simu. Alipiga magoti, akapapasa mishono, akafika kwenye pembe.

"Jina hili limewekwa juzi," akasema. "Uzi mpya. Kwenye picha ni Harriet. Nani amechezea?"

"Hakuna aliyechezea. Aliyelishona ndiye huyu hapa."

Benedikta akamgeukia Kezia kwa adabu. "Shikamoo mama. Una karatasi yoyote ya kuthibitisha?"

Kezia alikuwa na sindano tu.

Benedikta akaandika kwenye kadi: Kazi ya Harriet Whitlow. Abdulhamid, aliyesimama mlangoni, hakumwangalia Benedikta wala Kezia. Alimwangalia Nasma.

Nasma akalikunja blanketi kwa mikono yake mwenyewe ili Benedikta alichukue. Kezia aliingia ndani ya mkunjo wa mwisho. Aibu ilimshika Nasma, akashindwa hata kumuaga.

Kule Posta blanketi limewekwa ndani ya kioo. Kila alasiri jina la Harriet linafumuka, kila asubuhi linarudi, na mlinzi ameshazoea. Kadi haijabadilishwa.

Kariakoo nako lebo ziliendelea kufumuka kila alasiri. Kwa wiki mbili Abdulhamid alimchunguza Nasma mikono kila adhana ya alasiri, asione kitu, mpaka akachoka. Siku hizi anauza kofia asubuhi tu. Lebo ikija kufumukia nyumbani kwa mteja, hayo hayamhusu.

Nasma huwahi kufika kabla duka halijafunguliwa. Hutunga uzi, huvuta rundo la kofia miguuni, na huanza kushonea lebo upya: Abdulhamid na Wanawe, Abdulhamid na Wanawe, mpaka wateja waje.