Mshindi Asiyesema Neno

Tangu aletwe Garissa, Mzee Jama alikuwa akisema maneno kumi na moja kwa siku, ukiacha ya sala. Binti yake Fowsiya aliyahesabu. Palikuwa na "Chai" ya asubuhi na "Chai" ya jioni, Bismillahi kabla ya kula na Alhamdulillahi baada yake, na yaliyobaki yalikuwa salamu za kutoka na kuingia. Siku moja ya upepo aliongeza la kumi na mbili: "Vumbi."

Kwao Eldas alikuwa mtu wa maneno. Watu walitoka mbali kuja kumwuliza malisho yako wapi, wakajibiwa hilo na mengine ambayo hawakuuliza. Kisha ukame ukamaliza ngamia wake, na kabla mvua haijarudi mkewe akafariki. Mwanawe Guled akamleta mjini, kwenye nyumba ya mawe yenye lango la chuma, feni na kochi. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa mtu wa kubishana naye. Guled na mkewe ni watu wema, lakini hurudi kazini wakiwa hoi, na kumpikia mtu si kumsemesha.

Fowsiya mwenyewe alikuwa muuguzi, naye alikuwa amepata kazi kwenye zahanati huko Buna. Alitakiwa kuripoti Jumatano ijayo, kwa hiyo ilimbidi apande basi la Wajir Jumatatu alfajiri. Asipofika, nafasi angepewa mwingine. Barua alikuwa nayo mkobani. Moyo wa kuondoka ndio hakuwa nao.

"Nitamwachaje?" alimwuliza Bilan, muuza maziwa ya ngamia ng'ambo ya barabara, mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Eedo, yaani shangazi. "Nikiondoka atabaki na maneno matano."

Eedo Bilan alifunika dumu lake. "Baba yako si mgonjwa. Ana upungufu tu. Anacheza shax?"

"Zamani. Eldas walikuwa wakimkimbia."

"Basi wewe muuguzi gani? Umekalia dawa mwezi mzima!"

Shax ni mchezo wa wachungaji. Huchorwa mchangani, miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Kila mchezaji ana mawe kumi na mawili, na anayepanga matatu kwenye mstari mmoja hunyakua moja la mwenzake. Pale mtaani ulichezwa kila siku baada ya sala ya adhuhuri, kwenye kivuli cha ukuta wa karakana ya Mzee Billow, ambaye aliendesha malori miaka thelathini na sasa alitengeneza magurudumu ya wenzake. Bilan alimpigia kelele palepale, na Billow akatuma jibu: mgeni aje kesho, apunguziwe usingizi.

Alhamisi Mzee Jama akaenda. Fowsiya alikaa kwa Bilan, akijifanya amekuja kununua maziwa.

"Hili naliweka hapa," Billow alisema, akiweka jiwe la kwanza, "ili nione jasho lako linaanzia wapi."

Jama aliweka lake, kimya.

"Ohoo! Mgeni anakimbilia pembeni kama mbuzi aliyeona mvua."

Jama aliweka jingine.

"Wazee, huyu ana ulimi, au ameuacha Eldas?"

Watazamaji wawili walicheka, wakamshauri Jama, wakamshauri na Billow, kisha wakagombana wao kwa wao. Jama hakuinua hata kichwa. Alishinda mchezo wa kwanza, akashinda wa pili, akashinda wa tatu. Halafu akakung'uta mchanga kwenye kikoi chake, akasema "Assalamu alaykum," akaenda zake.

"Eedo, ameshinda!" Fowsiya alirukaruka. "Yote matatu!"

Bilan alikuwa amejishika kichwa. "Ameshinda nini, binti yangu? Ametuharibia. Wewe huoni Billow alivyonuna?"

"Si kwa sababu amefungwa?"

"Billow hufungwa kila siku, na hunenepa. Sikiliza. Mtu akikufunga huku anakusimanga, amekupa heshima, maana yake umemsumbua. Akikufunga akinyamaza, amekuambia hukustahili hata mate yake. Hata watoto wa kambi za wachungaji wanalijua hilo. Baba yako analijua kuliko mimi."

Ijumaa hakuna aliyetuma salamu. Mzee Jama alirudi kutoka msikitini, ndevu zikiwa zimepakwa hina mpya, akaweka kiti barazani kuelekea lango. Lilipogongwa mara ya kwanza, alinyoosha kofia. Alikuwa muuza maji na punda wake. Lilipogongwa mara ya pili, akanyoosha kofia tena. Ulikuwa upepo. Jioni aliomba chai, ikapoa mbele yake mpaka nzi akaionea huruma.

Jumamosi ilikuwa vilevile, bila nzi. Usiku ulipokaribia, Fowsiya alianza kutoa nguo begini, moja moja, akizikunja upya kana kwamba hilo ndilo lililokuwa lengo. Kisha akaziacha, akaenda kukaa barazani karibu na baba yake.

"Aabo, kwa nini hukumjibu Mzee Billow?"

Mzee alinyoosha kofia yake, ingawa lango halikuwa limegongwa.

"Maneno yalikuja," alisema mwishowe. "Mazuri. Lile la mbuzi nilikuwa na jibu lake." Alitazama viganja vyake. "Lakini mtu asiye na hata mbuzi mmoja, atamsimanga nani?"

Chuoni Fowsiya hakufundishwa jibu la hilo.

Jumapili, baada ya adhuhuri, alivuka barabara akamweleza Bilan kila kitu, na kwamba simu ya kuikataa kazi angeipiga jioni hiyo. Bilan alisikiliza hadi mwisho. Kisha akageukia karakana, akapaza sauti ambayo ingeweza kuita ngamia kutoka kisima cha tatu.

"War, wewe Billow! Ni kweli Mzee Jama amesema mkono wako ni wa kufungua nati, si wa shax?"

"Eedo!" Fowsiya alimvuta shungi. "Hakusema hivyo!"

"Nyamaza. Anayepatanisha watu haandikiwi uongo. Na nikiandikiwa, nitatoa maziwa sadaka."

Billow alikuwa ameshasimama, spana mkononi, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeletewa habari ya mvua. "Amesema hivyo? Kwa mdomo wake? Yaani ulimi anao!" Akavuka barabara, wale watazamaji wawili nyuma yake, akalipiga lango la Guled kwa kiganja. "Jama! Toka nje! Mkono wangu ni wa nati?"

Lango lilifunguka. Mzee Jama alisimama mlangoni, amevaa kofia.

"Sikusema," alisema.

Bilan alifumba macho. Fowsiya aliona begi lake tupu, aliiona zahanati ya Buna na msichana mwingine ndani yake amevaa sare.

Mzee Jama aliutazama mkono wa Billow, mpana, wenye grisi kwenye mikunjo. Akauinamia kidogo, kama anayekagua ngamia sokoni.

"Sikusema," alirudia. "Lakini aliyesema ana macho. Siku ile kila jiwe ulikuwa unaliweka kama gurudumu. Unalisukuma, unarudi nyuma hatua mbili, unalisikiliza kama linavuja."

Mtazamaji mmoja alikaa chini palepale kwenye vumbi kwa kicheko. Billow alicheka hadi spana ikamponyoka, kisha akamshika Jama mkono, akamvuta kuelekea karakana huku akiapa kwamba leo atamrudisha Eldas kwa miguu.

Mchana huo Mzee Jama alifungwa mara mbili kati ya tatu. Alikuwa anasema mno, hana nafasi ya kutazama mawe. Mchezo wa mwisho uliishia kwenye ugomvi uliosikika hadi kwa Bilan, na muadhini ndiye aliyewaachanisha.

Chakula cha usiku Guled alisahau kutafuna.

"Amelihamisha jiwe!" Mzee alikuwa akisema, akionyesha kwa ndizi. "Nimegeuka kumjibu yule mpumbavu wa pili, akalisogeza kwa kidole gumba. Nimeona! Miaka thelathini amewadanganya polisi wa barabarani, sasa anataka kunidanganya mimi. Kesho nitakaa upande wa ukuta, jua limpige yeye machoni."

"Aabo," Fowsiya alimkatiza kwa upole. "Basi la Wajir linaondoka alfajiri. Niende, au nikae na wewe?"

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Ukae ufanye nini? Unajua shax?"

"Sijui."

"Basi nenda ukatibu watu." Aliimenya ndizi yake, akaigawa, nusu akamwekea binti yake sahanini. "Ukifika salama upige simu. Lakini piga asubuhi. Baada ya adhuhuri sitakuwa na nafasi."