Nyama ya Maji Vuguvugu

Hakuna aliyewahi kuwasha jiko la Kamanda bila ruhusa, mpaka mkwewe alipohamia.

Jina hilo la Kamanda alipewa na wapishi wadogo wa hoteli moja kubwa, alikokuwa mkuu wa jikoni. Walisema akiingia hata masufuria yanasimama wima. Alipostaafu alirudi nyumbani na visu vyake, magoti mabovu, na imani moja tu: chakula ni moto. Kisichochemka hakijaiva, na asiyetoka jasho hajapika.

Mkwewe alikuwa fundi wa mashine za kutotolesha vifaranga. Karakana yake ilibomolewa kupisha barabara, ndipo yeye na mkewe, binti wa pekee wa Kamanda, wakaja kukaa kwa mama "kwa muda". Binti alikuwa mpima macho kwenye kliniki ya mjini. Asubuhi akishaondoka, nyumbani walibaki wawili, mama mkwe na mkwe, kama paka na panya waliofungiwa chumba kimoja.

Hawakugombana. Laiti wangegombana! Lakini mkwe na mama mkwe wana heshima zao. Fundi alisema, "Shikamoo, mama," na Kamanda akajibu, "Marahaba," kwa sauti ya mtu anayetema kokwa. Akiwa na neno la kumwambia, alilipitisha kwa binti, hata kama mwenyewe ameketi palepale.

"Mwambie mumeo kikombe hakijioshi."

"Mama, si huyu hapa? Anakusikia."

"Nimesema umwambie."

Sasa fundi, kwa kukosa kazi ya kutosha, akaanza kusoma kwenye simu habari za watu wanaopika nyama bila moto. Wanaitia kwenye mfuko mzito wa plastiki, wanatoa hewa yote, kisha wanauzamisha kwenye maji yenye joto lisilopanda wala kushuka, na kuuacha humo saa nyingi.

"Si ndiyo kazi yangu hii?" alimwambia mkewe, macho yakimng'aa. "Tofauti ni kwamba mimi natoa kifaranga, wao wanatoa mnofu."

Akachukua kidhibiti joto cha mashine iliyokufa, akakiunganisha na chuma cha kuchemshia maji, akaongeza pampu ndogo ya tangi la samaki ili maji yazunguke. Vyote akavitumbukiza kwenye sufuria kubwa kuliko zote jikoni, ile ambayo Kamanda aliagwa nayo alipostaafu. Hakuomba.

Kamanda alisimama mlangoni akiitazama sufuria yake ikinguruma kama yenye mafua.

"Ukistaajabu ya Musa..." akasema, wala hakumalizia.

Majaribio ya kwanza yalimfurahisha mno. Mayai yalitoka na ute unaoteleza kama kamasi, na Kamanda akacheka, mara ya kwanza fundi kumsikia akicheka tangu ahamie. Kuku alitoka mweupe pe, ngozi imelegea kama soksi iliyolowa. "Mwambie mumeo," alisema Kamanda, "maiti huoshwa, hapikwi." Fundi aliinamisha kichwa akala kuku wake peke yake, mpaka mfupa.

Ila fundi ni fundi. Alijifunza kuikausha nyama kwa kitambaa ikishatoka majini, kisha kuibandika kwenye kikaango kilichokolea moto, upande huu kidogo, upande ule kidogo, ipate rangi. Karoti zake zikawa tamu kuliko karoti. Jioni moja binti alitia kipande cha nyama mdomoni akafumba macho.

"Mama, onja! Inayeyuka."

"Mimi sili nyama iliyooga."

Walicheka wote wawili, mume na mke, na kicheko hicho kilimchoma Kamanda kuliko tusi. Miaka yote aliyomlisha binti huyu, hakumbuki kumwona akifumba macho.

Ikaja Jumamosi ya daktari. Daktari wa macho, mwanamke mwenye kliniki ile, alikuwa anafungua tawi la pili na alitaka kumkabidhi binti alisimamie. Akakubali kuja kula nyumbani kwao alasiri. Asubuhi hiyo binti alimkuta mama yake amekwisha kufunga aproni.

"Mama, leo pumzika. Mume wangu atapika."

"Nipumzike? Jikoni mwangu?"

"Nimemsifu sana kazini, daktari anataka kuonja upishi wake. Nakuomba mama, siku moja tu."

"Kwa hiyo mimi leo ni nani humu ndani? Mgeni?"

"Jamani, mama! Mbona unalikuza?"

Kamanda alifungua aproni akaitundika. Wanaomjua wangeogopa.

Fundi alikata nyama ya bega kwa mikono yake, akaipaka kitunguu saumu na pilipili manga, akaifunga mfukoni, akaizamisha. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kupata joto simu ilipolia. Mashine ya mteja imezima, na mayai yako karibu kuanguliwa. Akatoka mbio na begi lake la vifaa. Binti naye akaenda sokoni, na akitoka huko apitie saluni. Kamanda akabaki peke yake na ule mngurumo.

Alivumilia kidogo. Alipanga vijiko, akavipangua. Kisha akaenda ukutani, akachomoa waya.

Hakutaka kuua mtu. Alichotaka ni nyama itoke mbichi, damu ichuruzike kwenye sahani mbele ya mgeni, mkwe aumbuke, na binti ainuke amwambie, "Mama, tuokoe." Kuku wake mwenyewe alikuwa tayari kwenye friji, amekwisha kuungwa viungo, anangoja kuitwa. Hayo ndiyo aliyoyaona kichwani mwake asubuhi yote, huku amekaa barazani akichambua mchele usio na hata chuya moja.

Mchana ulipoingia alitumbukiza kidole kwenye sufuria. Maji yalikuwa vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Akachomeka waya tena ili asijulikane.

Fundi alirudi amechoka lakini anacheka. Vifaranga wake wamepona. Aliangalia kipimo, akakuta joto liko pale alipoliacha, basi akamshukuru Mungu na kuwasha moto wa kikaango.

Mezani waliketi wanne. Fundi aliikata nyama, na Kamanda akainua shingo aione damu. Hakukuwa na damu. Ndani ilikuwa na rangi nzuri ya waridi, laini, inakatika kwa uma. Zile saa za mwisho zilitosha kuipa sura ya kuiva.

Hapo ndipo baridi ilipomwingia Kamanda, maana alijua. Nyama iliyolala kwenye uvuguvugu asubuhi nzima, iwe imefungwa, iwe imefunuliwa, haifai hata ikaangwe vipi. Hotelini aliwahi kumfukuza kazi mpishi kwa kuacha supu vuguvugu mezani asubuhi hadi mchana. Alifungua mdomo.

"Mama," daktari akamwahi, huku akijifuta midomo, "wewe una bahati! Mkwe anayepika namna hii unampata wapi?"

Binti alicheka akaweka mkono begani kwa mumewe. Kamanda aliutazama ule mkono. Mdomo ukajifunga.

"Na wewe mbona huli, mama?" daktari akauliza.

"Meno yananisumbua," akajibu, akaisogeza sahani yake pembeni.

Akawatazama wakila. Binti aliongeza mara ya pili.

Vyombo vilikuwa havijakauka binti alipoanza kushika tumbo. Alitapika, akaharisha, akatapika tena mpaka ikawa hana cha kutapika na bado anatapika. Fundi naye yalimkuta, ila mtu aliyejaa hofu husahau tumbo lake; alimbeba mkewe mgongoni hadi barabarani akasimamisha gari. Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari wa macho hakulazwa, lakini alituma ujumbe mfupi kwamba yuko kitandani, na habari za tawi wataziongea siku nyingine.

Majirani walikuja kutoa pole, na wote walikuwa na methali moja. "Asiyesikia la mkuu," walimwambia Kamanda kwa sauti ya chini, wakimtupia jicho fundi. Kamanda aliitikia kwa kichwa.

Binti alipata nafuu, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Asubuhi iliyofuata Kamanda alimkuta fundi uani, amechuchumaa, mashine yake ameifungua yote juu ya gazeti. Amepima waya baada ya waya. Hakuna kilichoharibika. Mwishowe alikusanya kila kitu akakitia kwenye mfuko wa taka. Alipomwona mama mkwe akasimama, macho chini.

"Mama, nisamehe. Ulisema kweli tangu mwanzo. Ningekuulia mwanao kwa ujinga wangu. Sufuria nimeisugua, nimekurudishia."

Kama angemtukana, Kamanda angevumilia. Lakini kule kuombwa radhi! Alipandwa na hasira ambazo hakujua zinamwendea nani.

"Unaniomba radhi ya nini, mwanamume wewe?" alifoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha uso kwa uso. "Huna hata akili ya kushuku? Mashine yako ni nzima! Niliichomoa mimi. Asubuhi nikachomoa, mchana nikachomeka. Haya, sasa unajua. Tukana!"

Fundi hakutukana. Alibaki na mfuko wa taka mkononi, akifikiri polepole, kama anayefuata waya kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Kuchomoa naelewa, mama," akasema. "Hunipendi, naelewa. Lakini ulikaa mezani. Ulimtazama anaongeza."

Na binti alikuwa amesimama dirishani, shuka mabegani, amesikia yote.

"Mama, meno yako yanaendeleaje?" binti akauliza.

Halafu akafunga dirisha.

Wiki hiyo hiyo walihama. Kamanda aliwapikia siku ya kuondoka, akajaza vyakula kwenye chombo cha kubebea, akakifunga vizuri kwa kitambaa. Binti alikiacha juu ya meza, kitambaa hakikufunguliwa. Fundi peke yake ndiye aliyesema kwaheri.

Kamanda alibaki na jiko lake. Lote. Hakuna aliyelitaka. Alichemsha, akakaanga, akala akisimama, na mara nyingine akamwaga.

Siku moja alivaa gauni lake la kutokea akaenda kliniki, siku ambayo alijua binti hayupo. Aliketi kwenye benchi na wagonjwa wa macho mpaka akaitwa ndani.

"Nasikia unampa tawi mtu mwingine," alimwambia daktari.

"Bado nafikiri. Mtu anayehatarisha wageni wake nyumbani..."

"Si yeye, wala si mumewe. Ni mimi niliyeiharibu ile nyama. Nilijua, nikanyamaza, na wewe ukala."

Daktari alivua miwani, akamtazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama jicho lolote siku hiyo.

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu mwanangu hawezi kukwambia. Atamficha mama yake hata kama hanitaki."

"Nimekusikia," daktari akasema, akavaa miwani. "Tawi ni lake. Ila wewe mama, tafadhali, usije ukanikaribisha tena kwako. Mlango ni ule."

Kamanda aliinuka kwa shida. Hakuna aliyemsaidia goti.

Habari zilimfikia binti kazini, kwa kuwa baadaye Kamanda alipata ujumbe wa maneno mawili: Njoo Jumapili. Alipanda ngazi za jengo lenye duka la rangi chini, mpaka vyumba viwili walivyopanga. Pembeni, juu ya stuli, sufuria mpya ndogo ilikuwa ikinguruma. Fundi aliirudia kazi yake. Mkewe ndiye aliyemlazimisha aitoe ile mashine kwenye taka.

Nyama ilitolewa, ikakaushwa, ikapata rangi kwenye kikaango. Binti alipakua sahani moja tu, akaiweka mbele ya mama yake.

"Anza wewe."

"Na nyie je?"

"Sisi tutasubiri."

Wakakaa, mume na mke, mikono juu ya meza, wakimtazama. Kamanda alikata kipande. Kilikuwa laini hata hakikuhitaji kisu, na utamu wake haukutoka kwenye viungo, ulikuwa wa nyama yenyewe. Iliuma kukubali, lakini ulimi uliozeeka jikoni haujui kusema uongo.

"Ni nzuri," alisema. "Wallahi ni nzuri."

"Sikukuita useme ni nzuri, mama. Nimekuita ule."

Akala. Chozi lilimtoka akalifuta kwa kiganja, na hakuna aliyelitaja. Alipomaliza, sahani ikiwa safi, binti alisimama, akampakulia mumewe, kisha akajipakulia mwenyewe. Wakala. Mara moja tu binti alimsogezea mama yake glasi ya maji, bila kumwangalia.

Wakati wa kuondoka, binti alianza kuosha vyombo. Fundi ndiye aliyemshika mama mkwe mkono hadi kwenye ngazi.

"Nije tena lini?" Kamanda akamuuliza.

Fundi aligeuka akautazama mlango. Ndani maji ya bomba yalikuwa yakitiririka kwa nguvu.

"Sijui, mama. Atasema mwenyewe."

Kamanda aliitikia kwa kichwa, akashika chuma cha ngazi, akaanza kushuka kwa ubavu, goti bovu zaidi likitangulia.