Kiingereza cha Nyuma ya Ukuta

Chama cha ushirika kilipofunga mzani wake Mwamapalala, Benedikta, aliyepima pamba miaka kumi na minne, alibaki na kalamu na umri. Kisha makampuni binafsi yakaruhusiwa kununua, na moja likatangaza kazi Bariadi: karani wa mizani, mradi ajue Kiingereza.

Kijijini Kiingereza alikuwa nacho mtu mmoja, Mwalimu Januarius. Balaa ni kwamba alikuwa amemwoa Winnie, binti wa Benedikta. Na kwa Wasukuma wa kule, mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia porini, hata kama pori ni miiba mitupu.

Winnie akacheka. "Ukuta wa jiko si upo?"

Basi Benedikta akaketi jikoni, Januarius nje, migongo yao ukutani.

"Mayu," Januarius akaanza, akimwita mama kwa Kisukuma, "mwanamume ni *he*, mwanamke ni *she*."

"Na ng'ombe?"

"*It*."

"Hata lile dume la mahari yangu?" Winnie akadakia. "Mwingereza hana adabu!"

Miezi miwili wakasoma hivyo. Zilipofika *and*, *but* na *because*, Januarius alisema hizo ni kamba, zinafunga maneno kama robota la pamba. Benedikta alizikariri huku akikoroga ugali.

Siku ya usaili alikuta watu wawili mezani: meneja mgeni, asiyejua hata salamu ya nchi, na kijana wa tai.

"Mimi Masalu," kijana akasema, "mdogo wake Mwalimu Januarius."

Mdogo wa mkwe naye ni mkwe. Benedikta akageuza kiti, akautazama mlango. Alijibu kila swali bila kosa, akiuambia mlango.

Meneja akauliza kwa Kiingereza kwa nini hawatazami.

"*Because*..." akaanza. Kamba ikakosa cha kufunga. Aibu ya mkwe haitajwi mbele ya mkwe. Masalu alijua, lakini kazini alikuwa na wiki mbili tu. Akainamia karatasi zake.

Meneja akaandika: anakwepa macho, hafai mizani.

Jioni Januarius aliketi nje ya ukuta, akaita. "Mayu, umerudi? Imekuwaje?"

Sauti ikatoka jikoni, taratibu: "*I went, but they did not take me.*"

Kila neno mahali pake.

"*Very good*," Januarius akasema, kwa mazoea ya darasani. Ndipo akasikia alichokisema, akabaki ameegemea ukuta, asithubutu kuinuka.