Sehemu Nyeupe ya Ramani

Usiku wa jana niliota ramani yangu imeniita nijieleze. Mimi ni mpima ardhi. Ramani yenyewe ni ya uwanja wa mazoezi ya jeshi huko jangwani, na leo saa mbili asubuhi natakiwa kuikabidhi kwa meja.

Nikaenda. Jangwa limekunjwa mara nne, kwa hiyo safari ya siku mbili naimaliza kwa hatua tisa. Mistari ya mwinuko, ile ninayochora kila mita ishirini, imelala mchangani, minene kama mabomba ya maji. Ukivuka mmoja unajikuta juu mita ishirini papo hapo. Masikio yaliniziba.

Kwenye mstari wa tatu mzinga wa jeshi umevaa miwani, unasoma ramani yangu.

"Habari za kazi, mpimaji," unasema. "Hapa peupe hakuna kitu?"

"Hakuna chenye kimo cha mita ishirini. Kifupi zaidi ya hapo hakihesabiwi."

"Basi nitapiga hapo. Ahsante, umechora vizuri."

Nilifurahi kusifiwa, sitaficha.

Ndipo nikamwona Mama Qabale, mfugaji aliyetupatia maji siku gari letu lilipochemka. Nilimwahidi kisima chake kitakuwamo kwenye ramani. Sikukirudia kukipima, jua lilikuwa kali na dereva alitaka kuondoka. Sasa amesimama pale peupe na ngamia wake, na wote wameshafutika hadi magotini.

"Nina mita moja na nusu," anasema kwa upole. "Ngamia wana mbili. Hatufiki."

"Ndiyo sheria, mama."

"Siku ile ulipokunywa, kisima kilikuwa na mita ngapi?"

"Sikupima."

"Ulikunywa mara mbili."

Niliona aibu. Fadhila za punda ni mateke, na punda nilikuwa mimi.

Hapo hapo tuko ofisini kwangu, kisima kiko chini ya meza. Mama Qabale amefutika hadi kifuani. Ananipa kamba. "Vuta," anasema. Navuta. Ndoo ni nzito, haifiki. Mzinga unafuta miwani.

"Bado sioni mtu," unasema, na sauti yake ina huzuni ya kweli. "Nami naamini karatasi."

Nikaamka. Kumepambazuka. Ramani iko mezani, kavu, na pale peupe ni peupe vile vile. Nilipotaka kushika kikombe cha chai nikakiachia: viganja vyote viwili vimechubuka, na kwenye kidonda kimoja umenasa uzi wa kamba.

Nimempigia meja. Nimemwambia ramani haijakamilika, na kwamba narudi jangwani leo.