Upande wa Pili wa Meza

Mkaguzi alinikabidhi kitabu, nami, mbele ya chumba kizima, nikakigeuza kichwa chini miguu juu.

"Mwalimu," alisema, "huyu hajui hata kushika kitabu."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la pili. Nilichelewa kuanza kwa sababu bibi alipopooza alihitaji mtu wa kumgeuza kitandani, na nyumbani kwetu aliyeonekana hana kazi ni mimi. Siku ya kwanza shuleni nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wadogo wakaniita Shangazi, na jina likaganda.

Lakini chumba kilikuwa kimoja kwa madarasa manne, na humo kila mtu alikuwa nyuma ya fulani na mbele ya fulani. Mimi niliwafunga wadogo kamba za viatu, nikawaamulia ugomvi, nikawafundisha kugawanya kwa kokoto. Naye Kifutio, msichana wa darasa la nne aliyemsahihisha kila mtu, mwalimu akiwemo, akanifundisha kusoma. Kitabu kilikuwa kimoja kwa meza. Yeye alikaa upande wa dirisha, mimi ng'ambo yake, kidole chake kikitembea chini ya maneno. Hivyo herufi zote nilizizoea zikiwa zimesimama kwa vichwa. Hakuna aliyegundua, hata mimi mwenyewe.

"Mwache asome kwanza," Kifutio akadakia.

"Nani kakuuliza wewe?"

"Hakuna. Lakini mwache asome."

Nikasoma. Ukurasa mzima, bila kukwama, sauti ikinitoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Wadogo wakapiga makofi: "Shangazi! Shangazi!" Mwalimu alijishika kichwa, nikamwona anaelewa.

Mkaguzi alicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Hii ni sarakasi." Akakigeuza kitabu. "Haya, soma kama binadamu."

Maneno yaleyale yakanitazama kama watu nisiowajua. Nilikwama kwenye la kwanza. Nikarudia. Nikakwama tena. 

"Mzee, mpe muda kidogo tu," mwalimu alisihi. "Akili anayo. Mimi ndiye niliyemkalisha vibaya. Kosa ni la meza."

"Kosa ni kuchanganya mchele na chuya. Kila mtoto akae na rika lake." Akatoa kalamu, akatia sahihi agizo la kututenganisha.

Siku hizi nawasikia wataalamu redioni wakisema watoto wa rika mbalimbali wakisoma pamoja hufaidika: mkubwa huimarika kwa kufundisha, mdogo hupata wa kumwiga. Ahsanteni sana. Sisi tulikuwa nayo hiyo faida, mkaivunja kwa sahihi moja, halafu mkapewa vyeti kwa kuigundua upya. Mimi kusoma nilikumalizia peke yangu, ukubwani, kwenye magazeti ya kufungia sabuni, na kila nilipomaliza kipande nilitaka kumpiga mtu.

Rika langu lilikuwa darasa la sita, shule kubwa ya ng'ambo ya barabara. Walinikalisha nyuma. Madawati yote yalitazama ubao. Nilimuuliza jirani yangu, taratibu, neno lile linasomwaje.

Akafunika kitabu chake kwa mkono. "Mtu mzima mwenzangu, hulijui hilo?"

Wakacheka safu mbili. Sikuuliza tena, siku hiyo, wala iliyofuata. Nilikaa nimeshika kalamu, nikiigiza kuandika kila wenzangu walipoandika.

Jioni moja mama, akimenya viazi, aliniuliza bila kuinua macho, "Umesoma nini leo, mwanangu?"

"Visogo, mama."

Akacheka. Alidhani ni utani wangu wa kila siku. Kisha akanitazama, na kisu kikasimama katikati ya kiazi. Nilingoja aseme neno, lolote lile, hata tusi.

Akaendelea kumenya. Asubuhi yake hakuniamsha niende shule.